Plagi Nane za Injini Yenye Supachaja

Plagi haiongezi nguvu ya injini. Naanza na neno hili kwa sababu kila wiki nakutana na mtu aliyelipa pesa nyingi akitarajia gari lake liruke, eti kwa sababu plagi mpya ina jina la madini ya thamani kwenye boksi. Kazi ya plagi ni kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kila inapotakiwa, kwa wakati wake, kisha kuliondoa joto linaloipata ili yenyewe isigeuke kaa la moto ndani ya silinda. Kwenye injini ya kawaida, plagi isiyofaa itakusumbua asubuhi na kukulia mafuta. Kwenye injini inayoshindiliwa hewa kwa supachaja, plagi isiyofaa inaweza kukutobolea pistoni. Ndiyo maana nimeipenda kazi hii ndogo ambayo mafundi wengi huwaachia vijana wanaojifunza.

Mimi mwenyewe niliachiwa kazi hiyo nikiwa kijana, Gerezani, Dar es Salaam. Magari yetu yalikuwa Peugeot 504, Datsun na Land Rover za miaka mingi, zenye kabureta na platini. Kipimo chetu cha mwanya wa plagi kilikuwa kipande cha bledi ya msumeno wa chuma, ambacho unene wake hukaribia milimita 0.6. Fundi mkuu wetu alikipitisha kati ya nguzo ya katikati na ule mguu uliopinda, akasikiliza kwa vidole. "Ipite kwa kusita, kijana," alituambia. "Ikipita kama inateleza, umeacha wazi. Ikigoma, umebana." Kwa injini zile, kipimo kile kilitosha kabisa, na sitamcheka mtu yeyote anayekitumia mpaka leo kwa injini ya aina hiyo. Nilichobaki nacho ni ule mkono: kujua kwa vidole tofauti ya kitu kinachopita na kinachopita kwa kusita.

Miaka mingi baadaye nikawa fundi Houston, Texas, mji ambao pikapu ni nyingi kuliko magari madogo katika mitaa mingine. Hapo ndipo nilipokutana na Ford Lightning. Isichanganywe na ile ya umeme iliyokuja baadaye yenye jina hilohilo. Nasema ile F-150 iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2004, yenye injini ya V8 ya lita 5.4 na supachaja ya Eaton M112 imelala juu yake, katikati ya safu mbili za silinda. Ilianza na nguvu za farasi 360, na kuanzia toleo la 2001 ikapandishwa hadi 380. Supachaja ya namna hiyo huzungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Ndani kuna rota mbili zinazopishana bila kugusana, na kila mzunguko zinachota hewa na kuisukuma ndani. Asili ya pampu hiyo ni ya ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, waliosajili uvumbuzi wao mwaka 1860, kabla ya gari la petroli kuwepo. Walikuwa watu wa viwanda, na hewa yao ikaja kutumika kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma.

Ikitoka kiwandani, Lightning ilisukuma hewa kwa karibu pauni 8 kwa kila inchi ya mraba juu ya kanieneo ya kawaida. Hewa tunayoivuta hapa pwani ya Texas ina pauni 14.7. Jumlisha, utaona kwamba silinda inapewa hewa karibu mara moja na nusu ya ile ambayo ingevuta yenyewe. Hapo ndipo mambo ya plagi yanapobadilika.

Mwenye Lightning ninayoisimulia hapa alikuwa mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyeinunua, ya mwaka 2003, kwa mtu aliyekuwa ameshaifanyia mambo. Puli ya supachaja ilikuwa imebadilishwa ikawekwa ndogo zaidi. Puli ikiwa ndogo, rota huzunguka kasi zaidi, na geji yake ya kanieneo ilikuwa inapanda hadi pauni 12. Kwa hesabu ileile, hiyo ni zaidi ya mara moja na robo tatu ya hewa ya kawaida.

"Fundi, gari hii nikienda polepole haina neno," aliniambia. "Lakini nikikanyaga mafuta nilipite lori, yakohoa. Yakohoa, yashtuka, taa ya injini yawaka. Nikiachia, yatulia kama haikufanya kitu."

"Plagi zimebadilishwa lini, mzee?"

"Si zamani. Tena niliwekewa zile za bei, za iridiamu."

"Zilipimwa mwanya?"

"Niliambiwa zatoka kiwandani zimeshapimwa."

Gari linalomisi, yaani silinda kukosa kuwaka, wakati wa kubeba tu, huku likitulia ukiliachia, linakupa nusu ya jibu kabla hujafungua boneti. Nilisubiri injini ipoe kabisa. Hedi zake ni za alumini, na kufungua plagi ikiwa ya moto ni kuhatarisha uzi. Nikapuliza kila shimo kwa hewa ya kompresa, maana mchanga unaokaa mle huishia kwenye silinda. Nikatoa koili nane na plagi nane, nikazipanga juu ya kitambaa cheupe kwa namba za silinda. Huo ni utaratibu ninaomlazimisha kila kijana anayefanya kazi nami. Plagi zikichanganywa kwenye ndoo, ushahidi wote umepotea.

Zile plagi zilikuwa nzuri, za kampuni yenye sifa, zilizofungwa na gereji nyingine ambayo haina haja ya kutajwa. Tatizo ni kwamba mwanya wake ulikuwa wa F-150 ya kawaida isiyo na supachaja: inchi 0.054, karibu milimita 1.4. Mbili zilikuwa zimefungwa zikiwa wazi zaidi ya hapo. Na kwenye plagi ya silinda ya nne niliona kile nilichokuwa nakitafuta. Juu ya kauri nyeupe, kutoka kwenye ncha ya juu hadi kwenye chuma cha kufungia, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, usiofutika kwa kitambaa. Ndani ya raba ya koili, mahali palepale, kulikuwa na mstari unaolingana nao. Nilimwita mzee aje autazame.

Mstari ule ni njia ya umeme. Cheche iliona mwanya wa chini ni mgumu kuuvuka, ikapita nje ya kauri na kuishia kwenye mwili wa injini. Mafundi wengi husema kwamba supachaja "inapuliza" cheche ikazimika. Nimelisikia sana neno hilo, na naona linawapoteza watu, kwa sababu linawafanya watafute tatizo kwenye upepo. Katika hali kama hii, cheche haikuwaka kabisa pale ilipotakiwa. Mwaka 1889 mwanafizikia wa Ujerumani, Friedrich Paschen, alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuruka mwanya kwenye gesi hutegemea kanieneo ya gesi ikizidishwa kwa upana wa mwanya. Katika hali za injini, ukiongeza kimojawapo volti zinazohitajika hupanda. Gesi ikishindiliwa, chembe zake zinasongamana, na elektroni zinagongana nazo kabla ya kupata mwendo wa kutosha kuzivunja. Basi ukiwa na hewa mara moja na robo tatu, halafu ukaacha mwanya wa milimita 1.4, unaiomba koili volti ambazo pengine haina. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, kila koili inaombwa hivyo mara 33 kwa sekunde. Itajitahidi, na siku moja itatafuta njia rahisi.

Watu wengi baada ya hapo hununua koili kubwa zaidi. Zipo, na zina mahali pake. Lakini kupunguza mwanya hakugharimu kitu.

Kabla ya mwanya, hata hivyo, kuna suala la joto la plagi, na hapa ndipo ninapowaona watu wakipotea zaidi. Kila plagi ina kiwango chake cha joto. Hakihusu ukali wa cheche. Kinahusu kasi ambayo ncha ya plagi inautoa moto wa silinda na kuupeleka kwenye hedi. Plagi ya moto ina kauri ndefu ndani, joto linasafiri njia ndefu. Plagi ya baridi ina kauri fupi, joto linatoka upesi. Ncha inatakiwa ifikie angalau nyuzi 450 hivi za Selsiasi ili iweze kuunguza masizi yake yenyewe. Ikipita 850 na ushee, huanza kuwasha petroli kabla cheche haijaja. Pistoni bado inapanda, moto umeshawaka juu yake. Injini yenye supachaja haistahimili hali hiyo kwa muda mrefu, hata chuma chake kiwe imara namna gani.

Kanuni ambayo wengi wetu tunaifuata ni kushuka hatua moja ya ubaridi kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 unazoongeza juu ya zile za kiwandani. Puli ya mzee ilikuwa imeongeza kiasi cha kustahili hatua moja. Kijana mmoja wa gereji yetu, mpenzi wa mashindano ya robo maili, alishauri tushuke hatua tatu "kwa usalama". Nilikataa. Gari la mashindano hukimbia sekunde chache likiwa limekanyagwa lote, kisha hupumzishwa na plagi zake kubadilishwa. Mzee huyu alikuwa analiendesha kwenda dukani, msikitini na kwa binti yake, katika foleni za Houston. Plagi ya baridi kupita kiasi isingefikia zile nyuzi 450, masizi yangejaa kwenye kauri, na masizi hupitisha umeme. Angeanza kumisi upya, safari hii kwa sababu nyingine, na angeniona mimi mwongo.

Hapa niongeze onyo kuhusu namba, kwa sababu zimewagharimu watu injini. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Mtu anayehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine akifuata namba kwa mazoea anaweza kuipeleka injini upande alioukimbia. Tumia jedwali la kulinganisha la kampuni yenyewe, wala usimtegemee muuzaji aliyesimama kaunta.

Nilichagua NGK TR6, plagi ya kawaida ya nikeli yenye kiini cha shaba, ambayo kwa miaka mingi wenye Lightning wameitegemea. Mzee hakufurahi. Kwake, kutoka iridiamu kurudi shaba kulikuwa kushuka daraja. "Mwanangu, wanirudisha nyuma," aliniambia, na nilimwelewa. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, nikeli kwenye 1,455, na kwa hiyo ncha ya iridiamu inaweza kuwa nyembamba na kudumu mara kadhaa zaidi. Pia ncha nyembamba huhitaji volti pungufu kidogo. Iridiamu yenye joto sahihi na mwanya sahihi ingemfaa, sikumficha. Lakini tulikuwa tunatafuta kipimo sahihi cha injini iliyobadilishwa, na kutafuta kipimo maana yake ni kutoa na kurudisha, kuukunja mguu wa plagi mara kadhaa. Iridiamu haipendi kuchezewa. Ncha yake ni nyembamba na ngumu, na ukiibana pembeni kwa kifaa inakatika. Plagi nane za shaba zilikuwa na bei ndogo kuliko kulijaza tangi la pikapu ile mara moja.

Kupima mwanya ni kazi ya dakika chache ambayo haifai kufanywa kwa haraka. Kile kipimo cha duara kinachouzwa kwenye kaunta kwa bei ya peremende, chenye ukingo unaoongezeka unene, sikitumii. Watu hukisukuma kwa nguvu kati ya nguzo na mguu ili kupanua mwanya, na nguvu hiyo yote inaiegemea nguzo ya katikati na kauri inayoishika. Mimi hutumia fila, yaani kipimo cha mwanya, ya waya na kifaa cha kukunjia mguu peke yake. Ukipunguza, gonga mguu taratibu au ukunje kidogo, upime. Ukizidisha, urudishe kwa kifaa, upime tena. Hakikisha uso wa mguu umelala sambamba na uso wa nguzo, maana ukiinama upande mmoja, fila itakupa namba moja na cheche itachagua nyingine. Kisha vidole vya Gerezani: fila ipite kwa kusita.

Tulianza na inchi 0.035, karibu milimita 0.9. Sikuanza na ndogo zaidi, ingawa ningeweza kulimaliza tatizo kwa siku moja kwa kubana hadi 0.025. Mwanya mpana una faida yake. Cheche ndefu hugusa mchanganyiko mwingi zaidi, na moto unaoanza nao ni mkubwa. Ukiubana mno, gari litawaka kwa shida penye baridi, litatetemeka likisimama kwenye taa, na mafuta yataenda bure. Msimamo wangu ni kwamba mwanya unaotakiwa ni ule mpana kuliko yote ambao injini haimisi nao ikiwa imekanyagwa lote. Unaufikia kwa kushuka kidogo kidogo kutoka juu.

Kufunga kwake nako kuna adabu. Plagi hizi hazina washa, zina kitako cha mteremko, kinachojikaza chenyewe kwenye hedi. Ukishafika mwisho kwa vidole, kinachohitajika kwa plagi mpya ni sehemu ndogo tu ya mzunguko, karibu moja ya kumi na sita. Kwenye hedi nyingi za valvu mbili za injini hizi, uzi unaoishika plagi ni wa mizunguko michache tu, kwa hiyo toki renchi si anasa. Ukikaza mno, unakula uzi wa alumini. Ukilegeza, plagi inacheza, na tena inachemka, kwa kuwa joto lake linatoka kupitia uzi na kitako hicho. Sikupaka grisi ya kuzuia kushikana, maana plagi za NGK zina mpako wake tayari, na grisi hufanya uzi uteleze ukakaza zaidi ya unavyodhani. Nilibadilisha koili ya silinda ya nne na raba yake. Mstari mweusi ukishachorwa, umeme utaufuata daima.

Tulitoka barabarani na kifaa cha kusoma kompyuta kikiwa kimechomekwa, mzee akiendesha, mimi nikitazama hesabu za kumisi za kila silinda. Kwenye njia ya kuingilia I-10 alikanyaga mafuta hadi chini. Geji ikafika pauni 12, na pikapu ikaenda bila kukohoa. Kwa masikio yake, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kompyuta ilionyesha kwamba silinda mbili zilikuwa zimekosa kuwaka mara chache kule juu kabisa, kiasi ambacho mwili hausikii. Tukarudi, injini ikapoa, nikashusha zote nane hadi 0.032, milimita 0.8. Safari ya pili hesabu zote zilibaki sifuri.

Nilimwomba alitumie siku za kutosha, kwa petroli ya oktani 93 na si nyingine, kisha alirudishe tuzisome plagi. Hakuna kipimo ninachokiamini kuliko hiki. Kauri ikiwa na rangi ya kijivu au kahawia hafifu, mambo ni salama. Ikiwa nyeupe ya kung'aa yenye malengelenge, inaungua. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, ni baridi mno au mafuta yamezidi. Petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiachi rangi nzito kama ile ya zamani, basi tumia lenzi ya kukuzia. Kwa lenzi hiyo tafuta pia vidoa vidogo vinavyometa kama pilipili manga iliyosagwa. Hivyo ni vipande vya alumini vya pistoni, dalili kwamba injini imekuwa ikigonga, na ukiviona usiondoe gari gerejini. Plagi za mzee zilikuwa za kijivu safi, zote nane. Nilizirudisha zilezile.

Nayaandika haya nikijua kwamba Lightning ni chache Dar, Nairobi au Kampala. Lakini Subaru zenye turbo zimejaa huko, na pikapu na magari madogo yenye turbo yanaongezeka kila mwaka. Turbo huendeshwa na moshi na supachaja huendeshwa na mkanda, lakini plagi haijui tofauti hiyo. Inaijua kanieneo tu. Nasikitika kila ninaporudi nyumbani na kukuta plagi za magari hayo zikisuguliwa kwa brashi ya waya na kurudishwa. Brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye kauri, na chembe hizo ndizo njia mpya ya umeme. Nasikitika zaidi nikiona boksi lenye jina kubwa na maandishi yaliyochapwa ovyo, kwa bei ambayo haiwezekani.

Basi wewe mwenye gari la namna hiyo, ukienda kununua, nenda na plagi yako ya zamani mkononi, na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwenye kumbukumbu ya mtu. Mwombe fundi wako azipange za zamani juu ya kitambaa kwa namba za silinda na akuonyeshe rangi zake kabla hazijatupwa. Na zile mpya, hata kama boksi limeandikwa kwamba zimeshapimwa, simama hapo mpaka apitishe fila kwenye kila moja. Kama hana fila, mnunulie. Bei yake ni ndogo, na itawafaa wengine watakaokuja baada yako.